Chongqing, Jiji Lisilo na Ghorofa ya Kwanza

Chongqing liko kusini-magharibi mwa China, mahali Mto Jialing unapoingia Mto Yangtze. Hadi mwaka 1997 lilikuwa sehemu ya Jimbo la Sichuan. Mwaka huo likatengwa na kuwekwa moja kwa moja chini ya serikali kuu, sawa na Beijing, Shanghai na Tianjin. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 82,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi kwa pamoja, na wakazi wake wanapita milioni 30. Ukisikia basi kwamba hili ndilo jiji kubwa kuliko yote duniani, elewa kuwa ndani ya hesabu hiyo mna mashamba ya mpunga, vijiji na milima mitupu. Jiji lenyewe, lile la maghorofa, limebanana kwenye rasi ya Yuzhong katikati ya mito miwili, kisha likafurika hadi ng'ambo zote.

Kinachomtatiza mgeni hapa si urefu wa maghorofa, bali kutojua ardhi iko wapi. Ramani ya simu hukwambia umeshafika kwenye mkahawa unaoutafuta, kumbe mkahawa uko mtaa wa chini, na kati yenu kuna ngazi za kukata pumzi. Pale Kuixing Lou unavuka uwanja tambarare uliojaa watu wanaopiga picha. Ukichungulia ukingoni unaona barabara nyingine na magari yake chini kabisa. Uwanja ule ni paa, na wewe umesimama ghorofa ya 22. Ndiyo maana hapa lifti na ngazi za umeme zimehesabiwa kuwa usafiri wa umma. Ngazi ya umeme ya Huangguan, yenye urefu wa mita 112, ilijengwa mwaka 1996 kuwapandisha watu kutoka upande wa kituo cha reli hadi mtaa wa Lianglukou, kwa nauli ya yuan 2.

Sehemu iliyolipatia jiji sifa duniani ni kituo cha Liziba. Hapo treni ya reli moja, inayotembea kwa matairi ya mpira, inaingia ubavuni mwa jengo la ghorofa 19, inasimama, inashusha abiria, kisha inatokea upande wa pili. Si mchezo wa kuwavutia watalii. Mlima ulibana nafasi, reli na nyumba vikahitaji kiwanja kimoja, basi wahandisi wakavijenga pamoja. Nguzo za kituo zimetenganishwa na nguzo za nyumba ili mtikisiko usiwafikie wanaoishi juu. Barabarani chini ya kituo utakuta umati wa watalii wamepanua vinywa hewani: kila mmoja anangoja treni itokeze ili kwenye picha aonekane anaimeza. Juu ya vichwa vyao, mwenye nyumba anaanika nguo zake wala hana habari.

Milima hii ina historia nzito. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, serikali ilihamishia makao yake Chongqing, na ndege za Kijapani zikalipiga jiji kwa mabomu miaka kadhaa. Wakazi wakachimba mahandaki ndani ya miamba. Mwezi Juni 1941 watu wengi mno walikufa kwa kukosa hewa katika mojawapo ya mahandaki hayo. Leo baadhi yake ni mikahawa na maduka, na wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, wenyeji hukimbilia humo kupata ubaridi.

Humo ndimo mwa kuonjea huoguo, chakula ambacho jiji linajivunia. Chungu cha mchuzi mwekundu kinachemka katikati ya meza, mafuta ya ng'ombe na pilipili kavu vikielea juu. Kila mlaji anatumbukiza nyama, uyoga au vipande vya utumbo kwa vijiti vyake. Asili yake ni chakula cha mabaharia na wachukuzi wa mtoni, waliojipatia matumbo ya ng'ombe kwa bei ya chini. Pilipili unaweza kuizoea. Punje za pilipili ya Sichuan ni habari nyingine, kwani hazichomi bali zinatia ganzi, na midomo hukaa kama si yako.

Karibu malipo yote ni kwa simu. Aliyezoea M-Pesa hatashangaa, ila hapa hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ameweka karatasi ya QR kwenye mkokoteni. Mgeni aunganishe kadi yake na Alipay au WeChat kabla ya kusafiri, na ajue kuwa WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko.

Mabadiliko ya jiji hili yameacha majeruhi. Wachukuzi wa mizegazega, ambao wenyeji huwaita bangbang, ndio waliopandisha mizigo yote ya jiji kwa mti wa mwanzi begani. Sasa wamebaki wachache, wengi wazee, kwa kuwa lifti na magari vimewanyang'anya kazi. Mtaa wa ngazi wa Shibati, makazi ya wanyonge tangu zamani, umebomolewa na kujengwa upya kuwa mahali pa maduka na picha. Hata Hongya Dong, lile jengo la ghorofa 11 linalong'aa taa za dhahabu usiku na ambalo wageni hulidhania la kale, lilifunguliwa mwaka 2006.

Lakini panda treni ya mstari wa 4 alfajiri, kutoka upande wa Shichuan. Mabehewa yanajaa wakulima wazee wenye vikapu vya mianzi mgongoni, mna vitunguu na mboga zenye umande bado, wanawahi masoko ya mjini. Hakuna anayewafukuza kwa kuwa matope yao yanachafua sakafu. Wameruhusiwa, na vikapu vyao vimewekwa katikati ya wafanyakazi wa ofisini waliovaa suti.

Taa za Chongqing zinavutia, lakini hata jiji lisilo na maji bombani linaweza kuwasha taa. Miji yetu inayojenga reli na barabara za juu ina la kujifunza katika nauli ya yuan 2 ya ngazi ya umeme na kikapu kile kilichoruhusiwa kupanda treni. Ukienda Chongqing, usiku tazama majengo, lakini alfajiri panda treni ya wakulima.