Nyumba za mbao Meru: hesabu iko kwenye inchi inayofichwa

Mwekezaji mdogo anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha vya mbao katika miteremko ya Mlima Meru huweza kupata hasara kabla hajanunua hata msumari. Hupima urefu wa ukuta kwenda juu, akagawanya kwa upana wa ubao, kisha akaenda sokoni Arusha na idadi pungufu.

Mbao za kuta hizo hulaliana kama magamba ya samaki, wa juu ukifunika ukingo wa wa chini, ili maji ya mvua yateremkie nje. Sehemu iliyofunikwa imelipiwa, lakini haiongezi ukuta. Ukuta wa futi 12 kwa 8, kwa mbao za "moja kwa nane" zinazolaliana inchi moja, unataka mbao 14, si 12. Kwa "moja kwa sita" ni 19 badala ya 16, na misumari inaongezeka.

Wapo mafundi wanaookoa mbao kwa kupunguza mlalo hadi nusu inchi. Ubao mbichi ukikauka husinyaa kwa upana, mlalo unakwisha, na masika ya Machi hadi Mei yanaingia chumbani. Mpangaji hahesabu inchi, anahama. Ubao upigwe msumari mmoja kwa kila nguzo, juu kidogo ya ukingo uliofichwa. Ukibanwa juu na chini, hupasuka unaposinyaa.

Nyumba hizi si za asili kabisa, kwani Wameru na Waarusha walijenga misonge ya nyasi. Mbao zilikuja na msumeno na bati. Asiye na mtaji hutumia mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki kiwandani. Ni rahisi kwa bei, ila hayalali sawasawa, na yanafaa zaidi kwa jiko au banda la ng'ombe.

Saiprasi na paina hupandwa katika Shamba la Miti Meru/USA, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mgrevilea hupatikana pia kwa wakulima, katikati ya kahawa na migomba. Bei ya mkulima huvutia, lakini mnunuzi adai risiti na hati ya kusafirishia kabla ya kupakia. Mzigo usio na hati ukikamatwa kizuizini, aliyeuza huwa amekwisha kulipwa.