Duka Lipo Kiganjani, Mwenyewe Yuko Wapi?

Hili limenikuta mimi mwenyewe, kwa hiyo usicheke. Mwaka jana nilichomoa shilingi 180,000 kwenye kibubu chetu, nikataka kumshtukiza mume wangu kwa saa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Niliiona kwenye ukurasa mmoja mtandaoni, picha kali, bei poa. Nikatuma hela kwa simu. Siku ya tatu nimeblokiwa, namba haipatikani!

Kilichouma si hela peke yake. Ile ilikuwa ya kodi ya nyumba, na mwenzangu aligundua pengo kabla sijamwambia. Kha! Akafikiria mengine kabisa. Tulinuniana wiki nzima, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Ndipo nikajiuliza: hivi pale nilifanya biashara gani? Wataalamu wa biashara za intaneti wana jina lao, B2C, yaani kampuni inamuuzia mlaji anayenunua kwa matumizi yake, kama mimi na wewe. Amazon walianza hivyo Marekani Julai 1995, wakiuza vitabu. Kiwanda kikiwauzia wenye maduka, hiyo ni B2B. Jirani akikuuzia kochi lake kuukuu, hiyo ni ya mlaji kwa mlaji, na hapo unamwamini mtu, si kampuni.

Sasa ukurasa wangu ulijiita duka. Jina la kampuni? Hakuna. Anwani? "Tupo Kariakoo." Kariakoo ipi, jamani! Kumbe Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hapa Tanzania inamtaka muuzaji wa mtandaoni amweleze mlaji yeye ni nani na anapatikana wapi. Mimi sikuuliza hata kimoja, nilikuwa nawaza tu sura yake akifungua boksi.

Nawakumbuka Jumia, waliofunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Kwao uliweza kulipa mzigo ukishafika mlangoni. Enzi hizo niliona usumbufu, mara sina chenji, mara dereva hajui njia. Kumbe ule usumbufu ndio ulikuwa unalinda kibubu changu.

Saa amekuja kujinunulia mwenyewe, dukani, mbele ya macho yangu. Risiti kaitumbukiza kwenye kibubu. Sikuuliza kwa nini.