Bunduki ya Kwanza Nyumbani

Mwalimu mmoja wa hapa Kunduchi ameuliza neno, nasi twaona yafaa kulijibu mbele ya watu wote, maana hayuko peke yake. Ana shamba la mihogo kwao Rufiji, na nguruwe mwitu humfukulia hata asibakize kitu. Na hapa mjini ana hofu ya wevi wa usiku. Ataka bunduki moja ifanye kazi zote mbili. Je, anunue ipi?

Kwanza tuseme habari ya sheria, kwa kuwa bunduki haianzii dukani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yakataza mtu kuwa na silaha pasipo leseni. Polisi huuliza habari za mwombaji, mwenendo wake, na haja aliyo nayo. Tena leseni ya bunduki siyo ruhusa ya kuwinda. Kuwinda kuna kibali chake, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Wako vijana wadhanio kwamba pori la Pande, huko Mabwepande, ni mahali pa kutafuta kitoweo kwa kuwa liko karibu. Lile ni pori la akiba, na aingiaye na bunduki pasipo kibali atatoka na pingu. Basi mwenye kuliwa mihogo aanzie kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yake.

Sasa bunduki zenyewe. Gobole twalijua sote, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Wazee walipata nyama kwalo, lakini magobole mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa bomba la maji, nalo bomba halikufanywa kustahimili nguvu ya baruti. Likipasuka, hupasukia usoni mwa mpigaji. Pia gobole lisilo na leseni ni kosa kama silaha nyingine yo yote. Hilo tuliache.

Bunduki ya risasi, ambayo mtutu wake una mifuo ndani ya kuizungusha risasi, hupiga mbali na kwa shabaha. Ile ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ndiyo wawindaji waichukuayo kwa nyati na tembo. Mwalimu wetu ana haja gani na tembo? Na hata risasi ndogo ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilometa 1 ikiwa haikuzuiliwa na kitu. Katika mashamba yenye watu, aliyeikosa shabaha hajui risasi yake imelala wapi.

Iliyobaki ni bunduki ya marisau, nayo ndiyo niionayo kuwa njema kwa mwanafunzi wa kuwinda. Iliyo ya kawaida huitwa namba 12, na sababu yake ni hii: goli 12 za risasi, kila moja ikienea sawasawa katika mtutu, huwa na uzito wa ratili moja. Marisau madogo humfaa kanga na kwale, mpaka kadiri ya hatua 40. Kwa nguruwe hutakiwa marisau makubwa, tena kwa karibu. Achague ya mitutu miwili ifunguliwayo katikati, kwa kuwa akiifungua huona kwa macho kama ina kitu ndani au haina. Kabla ya kununua, aiweke begani: kitako kikiwa kirefu mno humnasa kwapani, kikiwa kifupi humpiga mdomo.

Lakini neno la wevi ni jingine. Kunduchi nyumba zimekaribiana, na ukuta wa matofali membamba hauaminiki mbele ya marisau makubwa. Ng'ambo yake amelala mtoto wa jirani. Zaidi ya hayo, bunduki yenyewe ni mali itamaniwayo. Mwezi wa Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, hapa Dar es Salaam, wakaua askari na kuchukua bunduki. Ikiwa walithubutu kituoni, nyumba ya mwalimu wataiogopaje? Kwa usiku wa mjini mimi ningenunua komeo imara, taa ya nje na mbwa, nikapatana na majirani juu ya kupiga yowe.

Akiisha kuipata ya shamba, ikae tupu ndani ya kasha la chuma, na risasi zake kasha jingine, funguo kwake mwenyewe; si juu ya kabati, maana watoto hupanda. Na mkewe ajue jambo hili: leseni ni ya mtu mmoja. Mume akifa, bunduki haigawanywi pamoja na mbuzi na viti. Hupelekwa polisi, na mrithi aitakaye huomba leseni yake mwenyewe.