MWILI WAKO NDIO MAABARA

Mpenzi msomaji, hujambo? Usiitikie mbio mbio ati hujambo, kwanza jipime! Makala haya yanahusu jinsi mwanafunzi anavyoweza kuuchunguza mwili wake mwenyewe kwa vifaa vichache tu: saa, rula, testitubu mbili tatu na mtungi wa plastiki.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa elimu ya utendaji kazi wa mwili ni ya wale wa udaktari walioko Chiromo, hapo karibu na Westlands, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia somo hilo. Sivyo. Mwaka wa 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa damu huzunguka mwilini. Baadhi ya ushahidi wake aliupata kwa kufunga mkono wa mtu kwa kitambaa na kuibonyeza mishipa kwa kidole. Hakuwa na stima wala kompyuta. Alikuwa na macho, vidole na subira.

Jaribio la kwanza: Mapigo ya moyo

Keti utulie kwa dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe kupima kwani lina mapigo yake, nawe utahesabu yasiyokuwako. Hesabu kwa nusu dakika kisha zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Sasa panda na kushuka kidato kimoja cha ngazi kwa dakika tatu, halafu hesabu tena, na uendelee kuhesabu kila dakika hadi mapigo yarudi yalipokuwa. Andika kila tarakimu, kisha uchore grafu. Misuli ikifanya kazi hutaka oksijeni na sukari zaidi, na moyo huongeza kasi ili kuyafikisha. Anayefanya mazoezi kila mara hurudi chini upesi kuliko asiyefanya.

Wacha nikupe hesabu ya kushangaza. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kwa hivyo kwa dakika nne tu ungeujaza ule mtungi wa lita 20 ambao watu wa Kawangware huuchukua kisimani au kwenye mfereji. Tena haupumziki, usiku na mchana. Si mchezo!

Jaribio la pili: Rula inayoanguka

Mwenzako aishike rula wima, alama ya sufuri ikiwa katikati ya vidole vyako bila kuviguza. Aiachilie bila kukuonya, nawe uidake. Soma umeidaka kwenye sentimita ngapi. Rudia mara kumi utafute wastani. Ukiidaka kwenye sentimita 20, umechukua kama sekunde 0.2. Katika muda huo jicho limeona, neva zimepeleka habari ubongoni, ubongo umeamua, na amri imeshuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya vidole.

Sasa fikiria matatu inayokwenda kilomita 60 kwa saa pale Waiyaki Way karibu na Kangemi. Kwa sekunde 0.2 imeshasonga zaidi ya mita 3. Na dereva si kama wewe uliyekuwa ukiingojea rula. Yeye hushtukizwa, na huenda akachukua sekunde nzima kabla ya kukanyaga breki. Hapo gari limekula mita 16 na zaidi. Ndugu yangu unayependa kukimbilia ng'ambo huku umeinua mkono, kumbuka rula.

Jaribio la tatu: Mate na wanga

Tengeneza uji mwepesi sana wa unga wa mahindi, uchuje, uache upoe. Utie kwenye testitubu tatu. Ya kwanza ongeza mate yako, ya pili maji matupu, ya tatu mate yako yaliyochemshwa. Ziweke zote kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha utone ayodini. Ya pili na ya tatu zitageuka rangi ya buluu iliyokolea karibu na weusi, maana wanga ungalipo. Ya kwanza itabaki na rangi ya kahawia ya ayodini, kwa sababu kimeng'enya kilicho ndani ya mate kimeuvunja wanga kuwa sukari. Ile iliyochemshwa imeshindwa kazi kwa kuwa joto kali limekiharibu kimeng'enya. Ndiyo sababu ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Asiyeamini na ajaribu bweni zima likiwa mezani.

Usipike matokeo

Hapa ndipo penye shida, wenzangu. Kitabu kikisema mapigo ya wastani ni 72, basi darasa zima huandika 72, hata yule ambaye hajagusa mkono. Huku ndiko tunakoita kupika matokeo. Wengi hufanya hivyo kwa kuogopa kukosa alama katika karatasi ya tatu ya Baiolojia. Lakini 72 ni wastani wa watu wengi. Si lazima uwe wako.

Tena sisi wa Nairobi tunaishi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mgeni kutoka pwani akipanda ngazi siku ya kwanza hutweta na moyo wake huenda kasi. Wiki zikipita, figo zake zitakuwa zimetoa homoni inayouhimiza uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Mwaka wa 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,200, na Kipchoge Keino akatwaa dhahabu ya mita 1,500, naye Naftali Temu akatwaa ya mita 10,000. Kuzoea hewa nyepesi kuliwafaa. Basi mwanafunzi mwenzetu aliyerudi kutoka pwani baada ya likizo ndefu, akijipima siku ya kwanza na baada ya wiki tatu, huenda akaona mabadiliko hayo kwa macho yake. Akinakili 72 mara zote mbili, hataona kitu.

Tahadhari

Mwenye pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo asilazimishwe kukimbia wala kupanda ngazi. Awe mwenye kushika saa. Kila mtu atumie mate yake, na vyombo vioshwe kwa dawa. Msitoane damu hata kidogo, kwani kuna magonjwa yanayoambukizwa kwayo. Na matokeo ya mwenzako si ya kuchekelewa bwenini. Ukiona mapigo ya mtu yanazidi 100 kila apimwapo akiwa ametulia, mwambieni mwalimu, aende akaonwe na daktari. Huenda daftari la maabara likamwokoa mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Haya, shika saa, weka vidole viwili kwenye kifundo, na uandike ulichokihesabu wewe.

Mwanachama, Kidato cha Tatu