Mkono Mrefu wa Mashine na Miteremko ya Nyansiongo

Mchumaji chai wa Nyansiongo, kule Borabu katika Kaunti ya Nyamira, huinama mbele anapobeba kikapu kilichojaa. Huenda hakusomea fizikia, lakini mwili wake unajua kwamba asipoinama, uzito ule utamvuta nyuma aanguke chali.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoitawala telehandla, mashine ya magurudumu manne yenye mkono wa chuma unaorefuka na kufupika. Kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuuza yake, Loadall, mwaka 1977. Forklifti ya kawaida huinua mzigo mbele yake tu, lakini hii huupitisha juu ya ukuta au ng'ambo ya mtaro.

Faida hiyo ndiyo inayozaa balaa. Kilo 2,000 zikiwa mita 1 mbele ya magurudumu ya mbele huivuta mashine ipinduke sawa na kilo 500 zilizo mita 4 mbele. Uwezo halisi hupungua hata zaidi, kwani mkono wenyewe ni mzito nao umesogea mbele. Kwa hiyo ukiuliza inabeba tani ngapi, nawe utaulizwa: umbali gani, na juu kiasi gani? Majibu yamo katika chati iliyomo mle anamoketi dereva. Asiyeisoma anacheza kamari.

Halafu kuna mteremko, na Nyansiongo ni nchi ya vilima. Ardhi ikiinama upande kwa digrii 5 tu, mzigo ulioinuliwa mita 8 husogea karibu sentimita 70 kuelekea bondeni. Hata gurudumu moja lenye upepo mdogo laweza kuleta mwinamo. Dereva mwangalifu kwanza huisawazisha mashine akitazama pimamaji, ndipo ainue. Akisafiri na mzigo, huurudisha mkono ndani na kuushusha karibu na ardhi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kunyanyua zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na uzito zinaoruhusiwa kubeba uonyeshwe wazi. Lakini mkaguzi hayupo kila asubuhi, na fundi mwenye haraka ya kufika kwenye mabati husimama juu ya zile uma ainuliwe kama gunia. Uma hazina kizuizi cha kumshika. Mkono ukitikisika kidogo tu, yuko chini.