Tanki la Pili kwa Lori la Tunduma: Lini Linalipa

Mwenye lori la Dar es Salaam–Lubumbashi akienda kuulizia tanki la ziada, fundi humuuliza anataka lita ngapi. Swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza liwe hili: kila lita utakayobeba itakuokolea shilingi ngapi? Tanki la pili linakupa nafasi ya kujaza mafuta yalipo nafuu na kupita yalipo ghali, basi. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, hata tanki bora kuliko yote litamaliza miaka halijarudisha fedha zake.

Tuanze na njia yenyewe. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Kichwa kinachovuta tela lililojaa, kwa milima ile ya Kitonga na Nyanda za Juu, tukikadirie kinakula lita 50 kwa kila kilomita 100. Hapo mpakani tu ni lita 465. Lori lenye tanki moja la lita 400 halifiki Tunduma bila kuongeza njiani. Ukilifunga tanki la pili la lita 400, na ukaacha sehemu ya kumi kuwa akiba, una lita 720 za kutumia: unavuka Nakonde upande wa Zambia, unaipita Mpika, na mafuta bado ni yale yale uliyojaza Dar.

Sasa bei. EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jedwali lake lina bei ya kila mji. Gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imo humo ndani, ndiyo maana Dar huwa nafuu kuliko Tunduma. Upande wa Zambia, mamlaka ya nishati ya huko, ERB, nayo hupitia bei kila mwezi tangu 2022. Na kuna jambo ambalo wenye malori wengi hawalipi uzito: bomba la TAZAMA la kutoka Dar hadi Ndola, lenye kilomita 1,710, ambalo kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi, tangu 2023 linapeleka dizeli. Mafuta ya bomba ni nafuu kuyafikisha kuliko ya malori. Kwa hiyo pengo la bei kati ya nchi hizi mbili si lile la zamani, na anayeamua leo kwa kusikia mapengo ya miaka iliyopita anaweka fedha yake gizani.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kazi nzima, yaani tanki, vishikizo, mabomba na ufundi, imekugharimu Sh 2,400,000. Ukiokoa Sh 150 kwa lita, lita 400 zinakupa Sh 60,000 kwa safari, na unahitaji safari 40 ili fedha irudi. Ukiokoa Sh 400 kwa lita, safari 15 zinatosha. Lori linalofanya safari mbili kwa mwezi linahitaji miezi 20 katika hali ya kwanza na chini ya minane katika ya pili. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa hizi. Ongeza pia fedha inayolala ndani ya tanki: kwa bei ya Sh 3,000 kwa lita, kulijaza ni Sh 1,200,000 ambazo hazitafanya kazi nyingine mpaka safari iishe. Mwenye gari moja anayesubiri malipo ya mzigo kwa wiki kadhaa ataona uchungu wa hilo kabla ya kuona faida.

Kwa lori linaloishia Mbeya au Makambako, mimi nisingefunga. Tofauti ya bei ndani ya nchi haiwezi kulipa kazi hiyo. Kwa linalokwenda Kongo, ningefunga hata kama faida ya bei ni ya wastani, kwa sababu foleni ya mpaka wa Kasumbalesa inaweza kula siku, na dereva aliyekaa barabarani usiku tanki likiwa linaelekea kukauka hana mahali pa kukimbilia.

Ukishaamua kufunga, yako matanki ya aina tatu sokoni. La kwanza ni la mtumba, lililofunguliwa kwenye lori la aina ile ile. Kwa wengi hilo ndilo ningelipendekeza: limetengenezwa kiwandani, lina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasirukeruke gari linaposhuka Kitonga, na vishikizo vyake vinalingana na chasisi yako. Likague kwa tochi kupitia mdomo. Kutu ya ndani au kiraka cha kuchomelea chini ni sababu ya kuliacha. La pili ni jipya la aluminiamu. Ni ghali zaidi, lakini jepesi: tanki la lita 400 la aluminiamu ya milimita 3 lina bati la kilo 27 hivi, la chuma cha unene huo karibu kilo 80, kabla ya kuta za ndani. La tatu ni la kuchomelewa mtaani kwa chuma. Hilo ni rahisi mfukoni, na mafundi wazuri wapo, ila mwambie fundi mambo mawili bila kuona haya. Asitumie bati lililopakwa zinki, kwa sababu zinki huingiliana na dizeli na kutoa utando unaoziba filta na nozeli. Na asichomelee tanki lililowahi kuwa na mafuta bila kulisafisha kabisa na kuondoa mvuke wake. Tanki tupu lenye mvuke hulipuka. Watu wamepoteza maisha kwenye gereji kwa uzembe huo.

Usafi wa ndani ni muhimu zaidi kwa injini za siku hizi za komon-reli. Vumbi la kuchomelea ambalo injini ya zamani ingelimeza, hizi zinalipia kwa pampu ya shinikizo kubwa, na bei ya pampu hiyo inaweza kuzidi ya tanki lenyewe.

Mabomba ndiyo yanayoharibu kazi nyingi kuliko tanki. Njia ya bei rahisi ni kuunganisha matanki mawili chini kwa bomba moja ili mafuta yasawazike yenyewe. Inafanya kazi, ila bomba hilo linaning'inia chini ya gari, na jiwe moja linaweza kukumwagia mafuta ya matanki yote mawili. Lazima liwe na valvu kila upande na kinga ya chuma. Wengine huweka valvu ya kuchagua tanki, wakasahau bomba la kurudisha: injini inavuta tanki la pili, mafuta yanayorudi yanaingia la kwanza, nalo linafurika. Chaguo langu ni pampu ndogo ya umeme inayohamisha mafuta kutoka tanki la ziada kwenda kuu kupitia filta yake. Injini inaendelea kunywa mahali pale pale pa kiwandani, na pampu ikifa gari bado linatembea.

Uzito nao una hesabu zake. Lita 400 za dizeli ni kama kilo 335. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2013 inaishia tani 56 kwa gari zima, na ekseli ya usukani tani 8. Tanki likikaa mbele zaidi, linaielemea ekseli hiyo. Hatari ni kubwa zaidi mwanzoni, kwa kuwa unafika mzani wa Vigwaza na tanki limejaa. Ukirudi na shaba, tanki linakaribia kuisha, na tani zako za mzigo ziko salama hadi utakapojaza tena Tunduma. Jaza huko kiasi cha kukufikisha Dar tu.

Kabla ya kulipa chochote, muulize wakala wako wa forodha. Nchi nyingi hutofautisha mafuta yaliyo kwenye tanki la kiwandani na yale ya tanki lililoongezwa, na haya ya pili yanaweza kudaiwa ushuru. Ushuru huo ukiwepo, hesabu yote ya hapo juu inabadilika, na ni afadhali ulijue jambo hilo ukiwa Dar kuliko dereva wako alikute Nakonde. Fungia pia kifuniko chenye kufuli na wavu wa kuzuia mpira wa kunyonyea, na geji inayofanya kazi, ili wewe na dereva msome kiasi kimoja.

Usiruhusu fundi achomelee wala kutoboa kingo za chasisi ya kichwa. Atumie matundu yaliyopo ubavuni, na aweke mpira kati ya mikanda na tanki. Tanki likae upande wa pili wa lile la kwanza, mbali na ekzosi. Baada ya safari ya kwanza badilisha filta hata kama muda wake haujafika, uikate ile uliyoitoa, uangalie kilichobaki ndani.