Siku moja ya kuwaangalia ndege

Ndugu mkulima wa Mlali, mtama na uwele vikianza kuweka maziwa, tenga siku moja uwaangalie ndege. Si wote maadui: yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe, anakula panzi, mwache. Wa kuogopa ni kwelea kwelea, mdogo kama shomoro, mdomo mwekundu. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Wakifika milioni moja, hizo ni tani 10!

Ukiwafukuza tu, unampelekea jirani. Kazi yenyewe ni jioni: fuata kundi mpaka ujue linalala wapi, kwenye miiba au matete. Hapo ndipo umpeleke bwana shamba, mapema, maana dawa hupulizwa walipolala, si shambani. Na wakishapuliziwa, jamani, msiwaokote kwa kitoweo. Ile ni sumu.